Shule za Kayumba (hizi za msingi za serikali) zilizoko ushuani, mitaa ya matajiri: mbona matokeo hayafanani na mtaa? Watoto wa Masaki wanasoma wapi?

#1 Mkazi wa Drive-In

Wakuu, habari za muda huu.

Nina mtoto anaingia darasa la kwanza Januari. Napanga Msasani, huku kwetu bondeni, siyo kule kwenye maghorofa. Shemeji yangu kanishauri: "Una bahati wewe, umezungukwa na shule za serikali za ushuani. Mpeleke huko Oysterbay au Masaki, walimu wa maana, miti, viwanja, hakuna fujo za Mbagala." Nikaona wazo zuri. Nikaingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, nikafungua matokeo ya darasa la saba ya Kinondoni, nikaanza kupitia shule moja moja.

Nilichokiona sikukitegemea. Kuna shule za serikali za mitaa hiyo ya wakubwa ambazo wastani wake haupishani na wa Kayumba za Tandale na Mwananyamala. Sizitaji, nisije nikaharibia watu kazi. Lakini najiuliza: kodi za nyumba pale zinalipwa kwa dola, lami inafika mpaka getini. Matokeo ya uswazi yanaingiaje?

Halafu nilipita pale mchana wanafunzi wanatoka. Hakuna gari hata moja lililokuja kuchukua mtoto. Wote wanaelekea kituoni kugombea daladala. Sasa watoto wa Masaki wenyewe wako wapi?

Nawasilisha.

#2 Kipanga wa Tegeta

Umejijibu mwenyewe mkuu. Watoto wa Masaki wako IST, ile shule ya kimataifa, na wasio na ubavu wa IST wako kwenye mabasi ya njano tangu alfajiri wanapelekwa shule za kulipia. Kayumba ya ushuani ni ya mtoto wa mlinzi, wa mpishi na wa mtunza bustani. Mtaa ni wa matajiri, shule ni ya wanaowahudumia.

#3 Mama Junior

Dada yangu alifanya kazi za ndani Oysterbay, akiishi chumba cha uani na wanawe. Wanawe walisoma shule ya serikali ya jirani, wanatembea dakika chache wameshafika. Mtoto wa bosi, rika lao kabisa, alikuwa anaamshwa gizani kusubiri basi la kumpeleka Mbezi. Wa uani wanaondoka wameoga na chai wamekunywa, wa bosi anapanda basi anasinzia na mkate mkononi.

Jioni ndiyo mambo yanageuka. Wa bosi anakuja mwalimu wa tuisheni nyumbani. Wa uani wanamsaidia mama yao kuosha vyombo vya wageni, daftari linafunguliwa saa tatu usiku kama taa ya uani haijazimwa.

#4 Takwimu Kavu

Kabla hatujaenda mbali, mtoa mada umelinganisha nini na nini? Wastani unaouona pale ni wa alama 300, masomo sita, kila somo alama 50. Shule yenye watahiniwa 35 na shule yenye 400 hazilinganishwi hivi hivi. Baraza lenyewe, enzi linatoa orodha ya shule bora, lilikuwa linatenga shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye 40 na kuendelea. Shule ndogo watoto watano wakiugua siku ya Hisabati wastani unaporomoka.

Pia kumbuka mtihani mmoja unafanywa kwa lugha mbili. Kayumba wanaufanya kwa Kiswahili, inglishi midiamu kwa Kiingereza, halafu sisi tunawapanga kwenye mstari mmoja.

Januari 2023 Baraza lilitangaza kwamba halitatoa tena orodha ya shule kumi bora. Tangu hapo kila mtu anatengeneza orodha yake sebuleni, mojawapo ndiyo hii ya mtoa mada. 😄

#5 Kipanga wa Tegeta

#4 umeongea vizuri ila hujajibu swali. Kwa nini haipishani na Tandale?

#6 Mwalimu Chaki

Nimefundisha shule ya serikali ndani ya eneo hilo hilo mnalolisema, sasa niko wilaya nyingine. Niwape picha ya darasani.

Januari unapokea watoto wa darasa la nne. Ukiwauliza wanakaa wapi, kuna wanaosema "kwa Mzungu", maana yake uani. Wengine wanatoka Msasani kwa wavuvi, wengine Mwananyamala na Kinondoni, na wapo wanaotoka Kimara na Mbagala kwa sababu mzazi anafanya kazi hoteli ya jirani anaongozana naye. Hakuna mtaa mmoja. Kwa hiyo hakuna kikao cha wazazi kinachojaa, hakuna mjumbe wa kamati ya shule anayemjua mzazi mwenzake, na mtoto akitoroka hakuna jirani wa kuja kukuambia.

Sasa subiri Mei na Juni. Mlinzi ni mwajiriwa wa kampuni ya ulinzi. Kampuni ikimtoa lindo la Masaki ikampeleka Bahari Beach, mtoto anahama katikati ya mwaka. Mwenye nyumba ni mtu wa ubalozi, mkataba wake umeisha, anayekuja anataka mpishi wake mwenyewe, familia yote ya uani inatoka ndani ya wiki. Mtoto anakuja kuchukua barua ya uhamisho analia. Na kiti chake hakikai wazi, anaingia mwingine ambaye KKK yake (kusoma, kuandika, kuhesabu) hujui ikoje. Nilikuwa na darasa ambalo majina niliyoanza nayo Januari na niliyofunga nayo Desemba ni kama madarasa mawili tofauti.

Mtihani wa darasa la saba unampima mtoto uliyempata juzi, halafu jina la shule ndilo linalobeba.

#7 binti_mvuvi

Shikamoo mwalimu. Hapo kwa mlinzi umenigusa, baba yangu alikuwa kazi hiyo. Nilibadilisha sare mpaka nikawa sijui wimbo wa shule ipi ni ipi.

#8 Mzee wa Gerezani

Vijana mnaijadili Oysterbay kama imeanza jana.

Mji huu Mwingereza aliupanga kwa rangi. Oysterbay uzunguni, katikati ya mji na Upanga uhindini, Kariakoo na Ilala uswahilini, na kila rangi na shule zake. Elimu ya ubaguzi ilifutwa kwa sheria ya 1961 iliyoanza kazi Januari 1962. Baada ya hapo nyumba za uzunguni wakaingia watumishi wa serikali, na shule za pale wakaingia watoto wao. Miaka ya sabini kijana wa katibu mkuu wa wizara alikaa dawati moja na kijana wa dereva wake. Nimeona kwa macho, hakuna aliyenisimulia. Wote walipiga deki, wote walimwagilia bustani ya kujitegemea. Na mwalimu mzembe alijua kabisa baba wa mtoto huyu ni nani, hathubutu kuingia darasani hajaandaa somo.

Shule haikushuka kwa sababu ya mtoto wa mlinzi. Yeye alikuwepo siku zote. Ilishuka alipoondoka mtoto wa bosi.

#9 Jirani wa Mikocheni

Mzee #8 nakubaliana nawe kasoro kitu kimoja: hukusema aliondoka lini na kwa nini. Yalifuatana mambo mawili. Kwanza miaka ya tisini shule binafsi za msingi za Kiingereza zikaanza kuruhusiwa. Kabla ya hapo mwenye pesa alipeleka mtoto Kenya au Uganda kwa basi, sasa akapata hapa hapa.

Pili, na hili watu hawalisemi: nyumba za serikali kuuzwa kuanzia 2002. Oysterbay na Masaki kulijaa nyumba za watumishi. Zikauzwa, viwanja vikubwa vikamegwa, zikapanda apatimenti. Familia ya mkurugenzi msaidizi mwenye watoto wanne ikatoka, akaingia mtaalamu wa shirika la kimataifa mwenye mbwa wawili. Mtaa ukapoteza watoto wa kusoma shule ya serikali.

#10 Kipanga wa Tegeta

Na aliyekuwa Waziri wa Ujenzi wakati huo tunamjua... 🤐

#11 Mama Junior

Kipanga usituletee siasa, jukwaa lake lipo. Tukae kwenye shule.

#12 Takwimu Kavu

#9 hoja ya nyumba inavutia lakini haitoshi. Kariakoo hakukuwa na nyumba za watumishi za kuuzwa, na kule nako yametokea yale yale. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimevunjwa, zimesimama ghorofa, chini maduka, juu stoo. Wenyeji wako Mbagala, Chanika, Kivule. Shule za katikati ya mji nyingi sasa zinasomesha watoto wanaokuja na wazazi wao sokoni asubuhi.

Sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541. Ya 2022, watu 5,383,728. Hilo ongezeko la milioni moja halikwenda Upanga wala Oysterbay, limekwenda pembezoni. Watoto wako pembezoni, mashule yenye majengo ya zamani na viwanja yako katikati. Ndiyo maana unaona mtoto wa miaka minane yuko kituoni saa kumi na mbili kasoro.

#13 Msafiri wa Ngong Road

Hamjambo wakubwa. Nimesoma uzi huu kutoka Nairobi nikaona ni hadithi yetu.

Kibera kuna shule ya umma inaitwa Olympic. Kabla ya 2003 ilikuwa miongoni mwa shule za umma zilizong'ara sana Nairobi kwenye KCPE, uliokuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na iko pembeni mwa mtaa wa mabanda, siyo mtaa wa kifahari. Wazazi wenye kazi za ofisini walikuwa wanaililia nafasi. Januari 2003 serikali ya Kibaki ikaleta elimu ya msingi bila malipo. Watoto wakafurika, madarasa yakajaa, wazazi wenye uwezo wakaona walimu wamezidiwa wakahamisha watoto wao kwenda shule za binafsi. Matokeo yakashuka. Jengo ni lile lile na walimu ni wale wale. Kilichobadilika ni nani ameketi na wako wangapi.

Na upande mwingine wa mji, Lavington ya matajiri na Kawangware ya maskini zimepakana. Nenda shule ya umma upande wa Lavington uangalie asubuhi watoto wanaingia kutoka upande gani.

#14 Kipanga wa Tegeta

Mkenya ameandika Kiswahili kirefu bila kuchanganya Kiingereza! Karibu sana mkuu, kaa hapa hapa.

#15 Msafiri wa Ngong Road

Ahsante. Bibi yangu ni wa Likoni, usinijaribu. 😂

#16 Binti wa Mbagala

Samahani jamani, mnaongea kama mtoto wa maskini ndiyo sababu ya shule kufeli. Mimi nimesoma Mbagala, shule ya serikali, mikondo ya kupokezana, wengine asubuhi wengine mchana. Tulikuwa zaidi ya mia darasani. Mbele wanakaa chini, nyuma wanasimama, wa katikati ndiyo wana madawati. Mama anauza maandazi. Na nilipata A, nikachaguliwa shule ya vipaji maalumu. Na sikuwa peke yangu, mwaka wetu tulikwenda kundi.

Siri yetu ilikuwa mwalimu wa Hisabati aliyekuwa anabaki na sisi jioni chini ya mwembe, na wazazi wa mtaa waliomjua mwalimu kwa jina. Ukikutwa unazurura Rangi Tatu saa za masomo unachapwa na mtu usiyemjua, halafu anakupeleka kwenu. Sasa huko ushuani, kama mwalimu #6 alivyosema, hakuna mtaa. Msiseme umaskini. Semeni hakuna mtaa.

#17 Takwimu Kavu

Binti #16 hongera, lakini wewe ni mmoja uliyepenya. Wale wengine wa darasa la watu mia wako wapi? Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Hakuna mwembe wa kuziba pengo hilo. Shule ya Majimatitu huko kwenu ilishaandikwa sana magazetini kwa maelfu ya wanafunzi kwenye shule moja. Na tafiti za Uwezo, wale wanaopima watoto kusoma na kuhesabu, zimekuwa zikirudia miaka na miaka kwamba hali ya kaya na elimu ya mama vinaonekana kwenye uwezo wa mtoto kusoma. Siyo kumdharau mtu.

#18 Binti wa Mbagala

Wako wapi? Mmoja ni daktari, mmoja anakuletea umeme ukikatika, mmoja anauza simu Kariakoo ana magari mawili. Na wapo waliopotea, ndiyo. Kwani shule za kulipia hawapotei?

#19 Konda Mstaafu

Mimi niwape ya barabarani. Nauli ya mwanafunzi 200. Gari ya kutoka Makumbusho kwenda Masaki asubuhi, ukipakia wanafunzi ishirini umekula hasara ya mafuta, na tajiri anataka hesabu yake kamili jioni. Kwa hiyo konda anasema "wanafunzi wawili tu", wengine anawaacha. Gari ya pili vile vile. Mtoto kasimama pale tangu saa kumi na mbili, anafika shule saa mbili, anakuta mwalimu wa zamu na fimbo getini.

Nilikuwa nawaona wanalala wamesimama, wameshika bomba. Mtoto huyo somo la kwanza hana, la pili anasinzia. Mnatafuta mchawi kwenye sera, mchawi alikuwa mimi na wenzangu mlangoni.

#20 Mwalimu Chaki

Konda leo umesema kweli, ila ongeza na walimu. Mshahara wa mwalimu hauwezi kupanga Oysterbay. Walimu wenzangu walikuwa wanatoka Chanika, Kongowe, Bunju. Gari mbili, wengine tatu. Sisi wenyewe tulikuwa tunafika tumechoka kabla hatujashika chaki, na saa nane na nusu kila mtu anawahi foleni ya makutano ya Morocco isimkute. Nani abaki jioni afundishe chini ya mwembe? Mwalimu wa Binti alikuwa anakaa Mbagala kule kule, nyumba ya tatu kutoka shule.

Na suala la pesa. Tangu Waraka Namba 5 wa 2015 elimu bila malipo, ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000. Gawa kwa miezi kumi na miwili: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Hiyo ni chaki, karatasi za mitihani, michezo, ukarabati, utawala. Shule yenye wazazi wenye nguvu wanakaa kikao, wanakubaliana uji na mtihani wa kila Jumamosi, mambo yanakwenda. Shule ambayo mzazi ni dada wa kazi asiyepewa ruhusa ya kutoka siku ya kikao, hakuna mchango, hakuna uji, hakuna mtihani wa Jumamosi. Na watu wa nje wanaangalia jina la mtaa wanasema "hao wana pesa", hata wafadhili wanapita moja kwa moja kwenda uswazi.

#21 Kipanga wa Tegeta

Hilo la wafadhili kupita nje nalo ni jipya kwangu. Maskini aliyejificha kwa tajiri hahesabiwi.

#22 Mama Junior

Mbona hamjaitaja Olympio? Ya serikali, ipo Upanga, mtaa wa maana, na watu wanapigania nafasi. Pamoja na Diamond jirani yake. Pale magari ya kuchukua watoto yanafunga barabara. Kwa hiyo tatizo siyo ushuani.

#23 Jirani wa Mikocheni

Olympio na Diamond ni za serikali lakini zinafundisha kwa Kiingereza, kama Arusha School kule kaskazini. Wazazi wanachangia, na nafasi inatafutwa. Mwenye gari hakuikimbia serikali, alikimbia Kiswahili. Mpe shule ya serikali ya Kiingereza, anarudi mbio na mtoto wake na michango yake. Ndiyo maana hata halmashauri nyingine zimeanza kufungua za kwao.

#24 Mzee wa Gerezani

Siyo Kiswahili, Jirani. Tulifundishwa kwa Kiswahili sisi na tukaendesha nchi. Wanakimbia kuchanganyika. Kiingereza ni kisingizio cha geti.

#25 Jirani wa Mikocheni

Mzee, wajukuu zako wanasoma wapi?

#26 Mzee wa Gerezani

Hilo waulize wazazi wao.

#27 binti_mvuvi

😂😂😂 Mzee kashikwa.

#28 Mhasibu wa Goba

Nafanya kazi shule ya kulipia, sitaitaja. Niwatoe tongotongo. Shule yetu "inafaulisha" kwa sababu mlangoni kuna usaili. Mtoto asiyejua kusoma hapiti. Akipita kwa bahati, darasa la nne mtihani ukimwendea vibaya tunamwita mzazi: arudie darasa au atafute shule nyingine. Darasa la sita tena. Wanaofika la saba ni wale tuliohakikisha. Aliyetolewa huku anakwenda wapi? Anapokelewa na Kayumba, haina ruhusa ya kumkataa. Halafu Novemba matokeo yakitoka tunabandika bango barabarani.

Serikali imeshakemea sana mchezo huu wa kuchuja. Unaendelea kwa lugha nyingine tu, "tumeshauriana na mzazi".

#29 Takwimu Kavu

#28 ndiyo maana nilisema tuangalie nani aliyefanya mtihani. Wakumbuke pia Uhuru Mchanganyiko pale Ilala, inayosomesha watoto wasioona na wenye mahitaji mengine pamoja na wenzao. Ukiipima kwa wastani wa alama tu, kazi kubwa inayofanyika pale hutaiona kwenye jedwali.

#30 Mkenge Mkavu

Uzi mzuri ila mnazunguka. Jibu ni moja: wingi. MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilifuta ada, watoto wa msingi nchi nzima wakatoka milioni 4.4 mwaka 2000 kufika milioni 7.5 mwaka 2005. Hao hao wakaingia sekondari za kata, na 2012 kidato cha nne wanafunzi 240,903 wakaambulia sifuri mpaka matokeo yakapangwa upya. 2016 elimu bila malipo ikaleta mfuriko mwingine. Mtaa gani unaukwepa huo?

#31 Binti wa Mbagala

Kama jibu ni wingi, shule za ushuani hazina msongamano wa kwetu. Zingetushinda mbali. Mbona hazitushindi mbali?

#32 Mkenge Mkavu

Umeona darasa zao kwa macho?

#33 Mwalimu Chaki

Nimeziona. Nilikuwa na 60 na kitu, siyo mia na kitu. Binti ana hoja hapo.

#34 Mkazi wa Drive-In

Ahsanteni sana wakuu, sikutegemea uzi ungefika huku. Nimebaki na maswali zaidi ya niliyokuja nayo. Sasa nisaidieni: mwanangu nimpeleke hapo ushuani ninapoweza kumtembeza kwa miguu, au nimwachie bibi yake Mbagala anakojulikana mtaa mzima?

#35 Konda Mstaafu

Anayetembea kwa miguu kashamshinda anayepanda gari. Hapo hapo.

#36 Binti wa Mbagala

Mbagala. Bibi ana fimbo.

#37 Mama Junior

Mtoto akae na wazazi wake jamani, mnamgawa kama mahari!

#38 Jirani wa Mikocheni

Fikiria na sera mpya. Elimu ya msingi inapungua kutoka miaka saba kuwa sita, na 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Mwanao hayumo kwenye hilo kundi, lakini 2028 kidato cha kwanza kitapokea mafungu mawili, na walimu watavutwa kwenda sekondari. Mwanao atakuwa darasa la chini wakati huo, angalia nani atabaki kumfundisha.

#39 Mwalimu Chaki

Mkazi, nenda kabla shule hazijafungwa Desemba, usiende Januari. Mwone mwalimu wa darasa la kwanza mwenyewe, siyo mwalimu mkuu. Muulize mambo mawili: anakaa wapi, na mwaka huu watoto wangapi wamehama katikati ya mwaka. Wastani wa darasa la saba uache kwanza, una miaka sita ya kuutafuta. Na cheti cha kuzaliwa kiwe tayari, wasikuzungushe. Awali kasomea wapi?

#40 Mkazi wa Drive-In

Awali kasoma kwa mama mmoja hapa jirani, kwenye baraza lake. Kusoma anajua, kuandika jina lake anajua, ila herufi S anaigeuza.

#41 Kipanga wa Tegeta

Anayejua kusoma kabla ya la kwanza! Mhasibu wa Goba, huyu mnampokea bila usaili?

#42 Mhasibu wa Goba

Tunampokea hata kesho. Ada awamu nne, sare inanunuliwa kwetu, basi linalipiwa peke yake.

#43 Mkazi wa Drive-In

Mkuu #42, hizo awamu nne ukizijumlisha zinanipita kodi ya mwaka mzima ya chumba. Nitakwenda kumwona huyo mwalimu wa darasa la kwanza wiki ijayo. Ila Takwimu Kavu bado nakudai jibu: kama kuhama kwa watoto ndiko kunaishusha shule ya ushuani, ile ya Mwananyamala ambayo watoto wake hawahami mbona nayo iko pale pale?

#44 Takwimu Kavu

Nani kakwambia hawahami? Mwananyamala ni wapangaji kama wewe. Nitafutie shule ya Dar yenye watoto wasiohama, ndipo tuanze kulinganisha.

#45 Binti wa Mbagala

Ipo. Njoo Kongowe, wazazi wamejenga.